Heko kwa Stata Inayogoma

Lori la jeshi la Marekani aina ya M35A2 halina ufunguo wa kuwashia. Walioliunda hawakutaka askari aliye chini ya risasi aanze kupapasa mifuko. Dereva hupanda, hugeuza swichi kwenye dashibodi, hubonyeza kitufe, na karibu tani 6 za chuma zinaanza kunguruma. Utaratibu huo ulifaa Vietnam. Lori hilo hilo likishauzwa kwa raia na kuegeshwa uani huko Texas au Ohio, yeyote mwenye kidole anaweza kuondoka nalo. Hapo ndipo stata mbovu inapostahili sifa ambazo haijawahi kupewa.

Mwizi hubonyeza. Lori linajibu tak moja, kisha kimya. Anabonyeza tena: tak. Hajui kwamba mwenye mali ana nyundo ndogo chini ya kiti, kwamba hujipenyeza uvunguni, huigonga stata ubavuni mara mbili kwa adabu, halafu hurudi juu na kuwasha kana kwamba hapakuwa na neno. Nyundo hiyo si uganga. Kaboni za stata zikilika huwa fupi, hazikandamizi vizuri ile shaba inayozunguka ambayo zinapaswa kuipitishia umeme, na mtikisiko huzisogeza zikagusa. Kufuli gani ina siri nzuri kuliko hiyo?

Wala isidhaniwe kuwa ni ugonjwa wa kitoto. Injini ya M35A2 ina silinda 6 na ujazo wa lita 7.8, nayo iliundwa inywe dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege, na shida ikizidi hata petroli. Haina plagi, mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na hewa hiyo hubanwa kwa uwiano wa 22 kwa 1. Anayelazimika kuizungusha ikiwa imelala baridi usiku kucha ni stata. Jeshi liliipa betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo ili zitoe volti 24, maana volti zikiongezeka maradufu, ampea zinazohitajika kwa kazi ile ile hupungua nusu. Hata hivyo zinabaki mamia. Sasa ampea 300 zipite kwenye nati yenye kutu, kutu yenye ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu, ambao mita ya kawaida ya fundi haiusomi sawasawa. Volti 3 zinapotea njiani na wati 900 zinaishia kuwa joto pale pale kwenye nati. Kwa hiyo uchafu usiozidi unene wa karatasi unalisimamisha lori lililoundwa lishinde matope ya vita. Ni majenerali wangapi wamefanikiwa hivyo kwa gharama ndogo namna hiyo?

Tena ugonjwa wenyewe una haya. Mgeni njoo, mwenyeji apone: fundi akifika tu, lori hupona kweli. Linawaka mara ya kwanza, ya pili, ya tano, fundi anafunga sanduku lake na kudai nauli. Jioni linagoma. Sababu zipo, na zote ni za heshima. Shaba ikipata joto ukinzani wake hupanda, karibu robo kwa kila ongezeko la nyuzi 60, hivyo stata iliyoponea chupuchupu alfajiri hushindwa mchana, injini inapozimwa kidogo kwenye kituo cha mafuta na foleni ikiwa nyuma. Isitoshe, injini ya silinda 6 haisimami popote ipendapo. Hewa iliyobanwa ndani huisukuma hadi itulie katika mojawapo ya sehemu tatu za mzunguko. Meno ya flaiwili, lile gurudumu la injini ambalo stata hulizungusha, hulika zaidi katika sehemu hizo. Injini ikitulia kwenye meno mazima, inawaka. Ikitulia kwenye meno yaliyolika, kigia cha stata kinakwaruza bila kushika. Mwenye lori hulala hajui kesho atatulia wapi, na hilo humfanya mtu awe na subira hata kama hakuzaliwa nayo.

Na jinsi ilivyo fasaha! Mgonjwa akiulizwa na daktari panauma wapi, mara nyingi hujibu mwili mzima. Stata haina tabia hiyo. Tak moja nzito: selenoidi, yaani swichi ya sumaku inayoipitishia stata umeme, imevuta, lakini migusano yake ya ndani imeungua au umeme mkubwa haufiki. Tatatata ya haraka: betri zimechoka au kuna kiungo kibovu, kwani selenoidi inavuta, stata inabugia umeme, volti zinaanguka, selenoidi inaachia, volti zinarudi, mchezo unaanza upya. Mluzi wa kitu kinachozunguka peke yake huku injini imetulia: kigia hakijaingia kwenye flaiwili, au kimeingia lakini klachi yake inateleza. Kimya kitupu: aulizwe kitufe na nyaya zake nyembamba. Nusu ya utambuzi imekwisha fanywa na mgonjwa mwenyewe, bure.

Wenye malori hawasikilizi. Hununua betri mpya, kisha selenoidi, kisha stata nzima ya volti 24, na lori linagoma vile vile, maana kosa lilikuwa kwenye waya wa ethi uliofungwa juu ya rangi ya kijani ya jeshi. Wauza spea wana haki ya kuichangia stata sanamu.

Charles Kettering, ambaye stata yake ya umeme iliingia katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, aliwaokoa madereva na hendeli iliyokuwa ikirudi nyuma ghafla na kuwavunja mikono. Aliwapokonya pia mazoezi ya asubuhi. Stata inayogoma inarudisha sehemu ya hasara hiyo, pamoja na urafiki, kwani malori haya yana soketi ya kuazimana umeme: kebo moja nene kutoka lori hadi lori, na aliyekwama anawaka kwa betri za mwenzake. Jirani mwenye gari dogo la volti 12 hutoka na nyaya zake nyembamba, hushukuriwa sana, hurudishwa nyumbani.

Anayetaka kuachana na neema hizi zote aanze na kazi isiyo na gharama. Ncha moja ya mita iwekwe kwenye nguzo hasi ya betri ambako waya wa ethi umefungwa, nyingine kwenye bodi ya stata, na mtu wa pili abonyeze kitufe. Mita ikisoma volti 2 au 3, kosa liko kwenye njia ya ethi: nati ifunguliwe, rangi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, waya ufungwe upya. Ikisoma chini ya nusu volti, upande chanya upimwe vivyo hivyo, kutoka nguzo chanya inayotoa kebo kuu hadi kwenye stata. Pande zote mbili zikiwa safi na betri zikiwa zimejaa, hapo ndipo stata ifunguliwe. Kabla ya hapo haina hatia.