Mjomba, Nimeachwa Mlimani

Barua ya kwanza mezani kwa Mjomba mwezi huu imelowa machozi. Mwandishi wake, Mtanzania anayeishi Inverness na kujiita Mpweke wa Mlimani, anaamkia kwa adabu zote kisha anasema ameachwa. Walikuwa pamoja miaka tisa na hawakuwahi kukwaruzana. Jumamosi moja, katikati ya mlima na katikati ya mvua, mwenzake akaachia ngazi bila hata neno la kwaheri: soli ya mguu wa kulia ilibaki kwenye tope, mguu ukaendelea na safari. Kinachomuuma zaidi ni kwamba miaka mitatu ya mwisho alikuwa hayavai kabisa mabuti hayo. Aliyaweka kabatini ndani ya boksi lake ili yasichakae.

Mjomba anamwitikia marahaba, anampa pole, kisha anamweleza kwamba marehemu hakufa siku ile.

Kati ya soli ngumu ya mpira na ngozi ya juu, buti la mlimani huwa na soli ya kati, tabaka la povu linalopokea kishindo cha hatua. Mara nyingi povu hilo ni poliurethani. Unyevu wa hewani hupenya humo polepole na kuikata minyororo ya kemikali inayolishikilia, jambo ambalo wanakemia huliita haidrolisisi. Halijali kama kiatu kinavaliwa au kimepumzishwa. Baada ya miaka mitano hadi kumi hivi, povu hufanya nyufa, humomonyoka, na soli hung'oka ingawa ngozi bado inang'aa. Joto na unyevu huharakisha msiba. Kwa hiyo huruma ya mpwa, yenye nia njema kabisa, haikuokoa kitu.

Akitafuta mwenzi mpya, asianze na sura wala bei. Swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: soli ikiisha, inabadilishwa na nani? Ngozi nzuri huishi kuliko soli, na ni hasara kutupa kiatu kizima kwa ajili ya nusu yake ya chini. Yako mabuti ambayo soli yake imeshonwa kwa uzi, na yako yaliyobandikwa kwa gundi tu. Ya gundi pia hubadilishwa soli, mradi kiwanda kiwe kimekubali kazi hiyo na povu liwe halijawa makombo. Meindl wa Bavaria, ambao ukoo wao unashona viatu tangu 1683, huifanya. Majirani zao Hanwag na Lowa pia, hali kadhalika Scarpa wa Asolo, Italia. Zaidi ya hapo Mjomba anatazama ngozi: unene wa milimita 2.5 hadi 3, mishono michache kadiri inavyowezekana, kwa sababu kila mshono ni safu ya matundu na uzi wa kusagwa na vichaka. Mkanda wa mpira uzunguke kiatu chote juu ya soli. Ulimi ushonwe pembeni hadi juu, la sivyo maji yatapita hapohapo kwenye kamba.

Hata hiyo soli yenye meno, ambayo leo kila mtu anaiona ni ya kawaida, ilizaliwa na matanga. Mwaka 1935 wapanda milima sita walikufa katika Alps za Italia, na sehemu ya lawama ikaenda kwa viatu vyao. Rafiki yao Vitale Bramani alirudi na wazo la soli ya mpira mgumu wenye meno makubwa, akapata msaada wa fedha kwa Pirelli, watu wa matairi, na mwaka 1937 soli ya Vibram ikaingia sokoni. Waitaliano waliofika kileleni mwa K2 kwa mara ya kwanza mwaka 1954 walikuwa wameivaa.

Barua ya pili inatoka Glasgow. Mama mmoja anayesaini Mwenye Pochi analalamika kwamba baba watoto amealikwa na bosi wake kwenda kuwinda kulungu wekundu huko Highlands, na sasa anataka mabuti ya zaidi ya pauni 250. Je, hiyo si anasa?

Mjomba anamsihi shemeji asikasirike kabla hajajua huyo mume anakwenda kufanya nini. Uwindaji wa Uskoti ni wa kunyemelea. Mtu hutembea kutwa nzima kwenye udongo wa mboji uliojaa maji, huvuka vijito, hutambaa kwa tumbo upepo ukimpiga usoni ili kulungu asinuse harufu yake, kisha huenda akasaidia kuburuta mnyama hadi njia inakofika. Majike huwindwa kuanzia 21 Oktoba hadi 15 Februari, wakati mbaya kuliko wote kwa vidole vya miguu. Madume, tangu Uskoti ilipofuta msimu wao wa kupumzishwa mwezi Oktoba 2023, hawana tena tarehe. Viatu vya kuendea kazini havitamaliza hata asubuhi ya kwanza.

Ila kama mume ni mgeni wa siku moja kwa mwaka, aazime. Kama anakusudia pia kukwea Munro, ile milima 282 ya Uskoti inayopita mita 914, basi anunue, na buti moja litoshe kwa yote mawili: lililo gumu kiasi cha kusimama kwenye mteremko bila kupinda kama kandambili, lakini si gumu mno, maana soli isiyokunjika hugonga mawe, na kulungu ana masikio.

Kijana wa Edinburgh anauliza kama utando wa Gore-Tex ni lazima. Si lazima. Utando huzuia maji ya nje vizuri, lakini maji yakishaingia kwa juu, pale mtu anapotumbukia hadi muundi, huo huo utando huyafungia ndani na kiatu huchukua muda mrefu kukauka. Ngozi nene iliyopakwa nta hupitisha unyevu kiasi, lakini hukauka mapema. Kwa mwindaji wa kila wiki Mjomba anachagua ngozi. Kwa mtembezi wa Jumapili, utando. Wote wawili waoshe tope la mboji jioni ileile, waweke magazeti ndani, na kiatu kikae mbali na moto, kwa sababu joto hupasua ngozi na kulegeza gundi.

Gambuti? Kwenye bonde, vizuri sana, na kiwanda cha kuyatengeneza kilikuwepo Edinburgh tangu 1856, kile ambacho baadaye kikaitwa Hunter. Kwenye mteremko kisigino huogelea ndani. Hapana.

Barua ya mwisho ni ya mwanafunzi wa Dar es Salaam, aliyepata mtumba buti la Kijerumani, zuri mno, na anataka kulipandia Kilimanjaro. Mjomba anashtuka: kiatu kilichomaliza miaka yake Ulaya kikaja kukaa kwenye joto na unyevu wa pwani kina maadui wawili. Alikunje kwa nguvu mara kadhaa, kisha abonyeze povu la pembeni kwa ukucha. Likitoa unga au likibaki na shimo, asilipandie hata vilima vya Pugu. Likipita mtihani, alivae wiki kadhaa mjini kwanza. Na kama atanunua jipya, kabla ya kulipa alijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kwa kazi za mchana, akiwa na soksi zile zile za mlimani, ashuke ngazi mara kumi. Kidole gumba kikigusa mbele, arudishe na atafute saizi inayofuata.