Ndege ya Kujiundia Nyumbani

Ndege ya kuunganisha nyumbani hufika ndani ya makasha ikiwa mabamba ya alumini yaliyokwisha kukatwa, mifuko ya ribiti, na kitabu cha maelekezo kinachodhani kila mnunuzi ana karakana. Giakanja, kwenye miinuko ya Tetu nje ya mji wa Nyeri, karakana iliyopo ni banda la ng'ombe, na ng'ombe hakushauriwa.

Si jambo geni upande huu. John Carberry, lodi wa Kiayalandi mwenye shamba la Seremai karibu na Nyeri, aliagiza ndege ya de Havilland DH.51 kutoka Uingereza. Ilifika Mombasa mwaka 1925 ikiwa vipande, ikaunganishwa, na tarehe 4 Aprili 1926 ikaruka. Ikaitwa Miss Kenya. Ila Carberry alikuwa na ardhi tele. Mwenye robo eka ana michai michache na shosho wa jirani anayeona kila kitu.

Kazi kubwa ni ribiti. Ndege ya aina ya RV, ya kampuni ya Van's ya Marekani, hula zaidi ya elfu kumi. Mmoja hugonga kwa bastola ya upepo, mwingine hushikilia chuma kizito upande wa pili. Huyu wa pili kwa kawaida ni mpwa aliyekuja kusalimia tu, akaombwa dakika tano. Jioni inamkuta bado ameinama ndani ya mkia. Kuku hugoma kutaga. Wapita njia huingia kuuliza bei ya geti, swali la haki kabisa kwa kelele zile. Kipimo muhimu kuliko vyote, lakini, hakimo kitabuni: upana wa mlango. Bawa lina zaidi ya mita tatu, na kuna kuta zilizobomolewa kwa sababu hiyo.

Injini za ndege ni ghali, ndiyo maana Gabriel Nderitu, Mkenya mtaalamu wa kompyuta aliyejulikana mwaka 2010 kwa kujiundia ndege, alitumia ya Toyota na propela ya mbao. Vipuri viko kila mji. Lakini injini ya gari hutoa nguvu ikizunguka kasi, na propela ndefu hutaka polepole, hivyo lazima mkanda au gia ya kupunguza mwendo. Kisha kuna mwinuko. Nyeri iko takribani mita 1,750 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kati ya asilimia 15 na 20 ya nguvu. Ndege inayopaa upesi Mombasa, huku hukimbia hadi rubani anaanza kusoma mabango ya maduka.

Robo eka haina nafasi ya kukimbia hivyo; safari ya kwanza ya ndege ya bandani, basi, huwa juu ya lori, mabawa yamevuliwa, kwenda uwanja wa Nyaribo. Kabla ya kuruka sharti isajiliwe na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, na ikaguliwe. Mkaguzi haoni ndani ya bawa lililokwisha kufungwa, kwa hiyo picha za kila hatua ndizo shahidi. Aliyezifuta ili simu ipate nafasi ya video za harusi hutoboa ribiti na kulifungua upya.