Mkanda Wenye Washirika

Katika vitu vyote ambavyo binadamu hukubali kuvitundika shingoni mwake, tangu hirizi na kidani hadi tai na filimbi ya refa, hakuna kilichonyimwa sifa kuliko mkanda wa kamera. Kidani kimesifiwa na washairi, hirizi imeogopwa na wezi, na tai imewapatia watu vyeo walivyovistahili na wasivyovistahili. Lakini mkanda, ambao ndio mdhamini wa chombo cha thamani kuliko vyote hivyo, hukumbukwa siku ile tu unapokatika.

Wangu ulikatika Makwale, katika wilaya ya Kyela, mahali ambapo kukatika kwa kitu chochote cha ngozi au cha uzi si ajabu. Maana nchi ile tambarare, iliyolala baina ya Rungwe na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, hupokea mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyo haina desturi ya kubisha hodi. Hunywesha mpunga, hushibisha migomba na mikakao, hunenepesha mito ya Kiwira na Mbaka, na ikiisha kutimiza kazi hizo za heri, unyevu wake huingia katika makabati ya watu na kuotesha ukungu juu ya viatu, misahafu na vyeti vya ndoa pasipo upendeleo.

Kamera yenyewe niliirithi kwa mjomba. Ilikuwa Zenit-E, mzawa wa kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow, ambacho kilianza kuunda kamera za namna hiyo mwaka 1965 na kuzitoa kwa mamilioni. Ni chombo cha chuma kisicho na mzaha. Pamoja na lenzi yake ya Helios kina uzito wa karibu kilo moja, na mtu akiwa nacho mkononi hahitaji rungu. Walakini mafundi walioifikiria kwa makini kila parafujo yake hawakuipa vipete vya kufungia mkanda. Waliona yatosha mkanda uwe kwenye mfuko wake wa ngozi, na kamera ikazwe ndani ya mfuko huo kwa parafujo moja kutoka chini. Yamkini hesabu hiyo ni sahihi kabisa katika nchi ya theluji. Kyela, ambako uzi wa mfuko huoza kabla ya filamu kwisha, tafsiri yake ni kwamba mfuko ukifa, kamera haina tena mahali pa kushikwa.

Basi mfuko ukafa arusini, wakati bwana arusi alipokuwa akihangaika na pete, na kamera ikaanguka katikati ya sinia la wali. Haikudhurika hata kidogo. Mchele wa Kyela una sifa nyingi, na waalikwa wakaongeza mojawapo pale pale, kwamba ukipikwa na mtu anayejua kazi yake unaweza kupokea chuma cha Kirusi bila kukivunja. Daktari Friedrich Fülleborn, Mjerumani aliyezunguka nchi za Nyasa mwishoni mwa karne ya 19 na kutoa kitabu chenye picha zake mwaka 1906, hakujua mashaka ya namna hii. Safari za enzi hizo zilikuwa na wapagazi, na bega la mpagazi haliozi mshono.

Habari za ajali hiyo zilipoenea nilitambua kwamba Makwale nzima ina rai juu ya shingo yangu. Mwenye duka alinishauri kamba ya katani, nami nikaivaa hata adhuhuri, nikafahamu kwa nini watu huifungia magunia na si binadamu. Kijana mmoja wa baiskeli za kubeba abiria, ambazo katika nchi ile isiyo na vilima ni tegemeo la wakubwa kwa wadogo, alinikatia ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu, ule ule wanaofungia mizigo, akaapa kwamba hautakatika milele. Kiapo chake kilikuwa cha kweli. Mpira haukukatika, ulivutika. Nilipopanda nyuma ya baiskeli yake kwenda Ipinda, kila shimo la barabara liliishusha kamera hadi magotini, na kila tuta likairudisha kwa nguvu maradufu hadi kidevuni, hata nikafika mwisho wa safari nikiwa nimepigwa makonde na mali yangu mwenyewe.

Bibi mmoja aliyekuwa akianua kakao, akinitazama nikijipapasa kidevu, aliniuliza kwa upole kwa nini nisiibebe kamera mgongoni kwa mbeleko, maadamu kitu kizito, kisichotembea, kinacholala muda mrefu na kutaka kufunikwa mvua ikinyesha hakina tofauti kubwa na mtoto. Sikuwa na hoja ya kumjibu. Nilimshukuru, nikapita.

Aliyekata shauri ni mzee wa jirani, ambaye sote tulimwita Tata kwa heshima ya Kinyakyusa. Wanyakyusa ni watu wa ng'ombe tangu zamani. Ng'ombe ndiye mahari, ndiye kitoweo cha matanga, ndiye fahari ya nyumba, na ilimchukiza Tata kumwona mwanamume aliyezungukwa na ng'ombe akitundika urithi wa mjomba wake kwa matumbo ya baiskeli.

"Mwanangu," akasema, "kitu cha heshima hufungwa kwa ngozi."

Akaingia ndani, akatoka na kipande cha ngozi ya ng'ombe aliyechinjwa msibani, kikavu, kigumu, chenye manyoya mekundu upande mmoja, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nami nikakipokea kwa mikono miwili, nikasema, "Ndaga fijo, Tata," na mkataba ukawa umefungwa kabla sijauliza masharti yake.

Hapa yanipasa kueleza jambo la elimu. Ngozi iliyodabaghiwa na ngozi iliyoanikwa juani tu ni ndugu wa baba mmoja wenye tabia mbalimbali. Ya kwanza imelowekwa katika maji ya magome ya miti, na dawa iliyo katika magome hayo imeshikamana na nyuzi zake, ikazizuia zisioze wala zisinywe maji kwa pupa. Ya pili imenyang'anywa maji tu, na kiu yake iko pale pale, inangoja. Ng'ambo ya milima ya Livingstone, huko Njombe, kuna kampuni ya miwati tangu mwaka 1949, na magome ya miwati ndiyo dawa yenyewe ya kudabaghi. Kwa hiyo baina ya ngozi ya Tata na tiba yake palikuwa na safu moja ya milima. Lakini ni safu ambayo ng'ombe yule hakuivuka akiwa hai, wala hapakuwa na mtu aliyeona sababu ya kumvusha akiwa amekufa.

Ngozi ikapelekwa gulioni kwa fundi viatu. Alikaa juu ya kigoda chake, ukanda ameubana kati ya magoti, sindano ya ndoano ikizama upande wa manyoya na kuibuka upande wa nyama pamoja na kitanzi cha uzi uliopakwa nta. Na kila baada ya mishono michache aliuvuta ukanda kwa nguvu zake zote, akautazama, akaguna kwa kuridhika. Mwalimu wa shule, aliyekuwa akingoja kiatu chake, alijitolea bizimu ya mkoba wa zamani. Yule bibi wa kakao, ambaye hakuwa na kinyongo juu ya mbeleko yake iliyokataliwa, alishonea mahali pa shingo kipande cha kitenge chenye sura ya jogoo, ili manyoya yasinichome. Na kijana wa baiskeli, akitaka kuosha jina lake, alichakura kopo lake la vyuma hata akapata bolti iliyokubali kuingia katika tundu lililo chini ya kamera, akaipitishia kipete cha waya wa spoki.

Natija yake ilikuwa kwamba kamera, kwa kuwa imeshikwa unyayoni, ilining'inia kichwa chini kama popo. Tata aliikagua kwa muda, akasema anachelea picha zitatoka miguu juu. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana hofu yake ilikuwa na elimu kuliko kicheko chao. Ndani ya kila kamera, hata iliyoshikwa kwa adabu, sura huiangukia filamu miguu juu, kwa sababu miali ya nuru hupishana ikipita katika lenzi, ya juu ikashuka na ya chini ikapanda. Ibn al-Haytham, mwanachuoni mzawa wa Basra aliyefariki Kairo yapata mwaka 1040, aliichunguza nuru inayopita katika tundu dogo na kuingia mahali pa giza, karibu miaka mia nane kabla ya picha ya kwanza kupigwa duniani. Nilimweleza Tata habari za mwanachuoni huyo kwa urefu. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama bwana huyo alikuwa na ng'ombe.

Mvua ilinikuta kwenye uwanja wa kanisa, siku ya kipaimara, watoto wamekwisha kupangwa kwa safu katika mavazi meupe. Ngozi ikakumbuka kiu yake. Ilikunywa kimya kimya, na kadiri ilivyokunywa ndivyo ilivyorefuka, kamera ikiondoka kifuani na kuja tumboni, na kutoka tumboni ikateremka mahali ambapo mtu mwenye staha hapendi kuonekana akipapasa mbele ya mchungaji. Pamoja na urefu ikaamka na harufu. Mbwa wa jirani, ambaye hadi siku hiyo hakuwahi kuonyesha mapenzi yoyote kwa sanaa, akanifuata kila niliposogea, na akaingia katika kila picha ya ibada ile, akiutazama mkanda kwa unyenyekevu uliowapita waumini wote.

Jioni niliutundika kwenye msumari karibu na meko. Asubuhi nikaukuta umekauka, umejikunja, na umeamua kuhifadhi daima umbo la msumari na ukuta. Matundu yalikuwa yamejibana, bizimu haifunguki. Na nilipouvaa haukulala kifuani bali ulijitokeza mbele yangu, kamera ikielea hewani, hata mtu aliyeniona kwa mbali angedhani namnyoshea mtu nisiyemwona ili aipokee. Mama mmoja mwuza mawese alinihurumia. "Paka mafuta, baba," akasema, "hata ngozi ya binadamu haikatai." Akanimiminia, wala hakutaka senti. Mkanda ukalainika kwa kweli, lakini mawese ya Kyela ni mekundu, na tangu hapo kila shati langu jeupe lilikuwa na utepe mwekundu kutoka begani hadi ubavuni, hata wageni wakanipa shikamoo zisizo zangu wakidhani ni nishani ya serikali. Usiku panya nao wakaja kuonja, wakamwacha jogoo wa kitenge bila kichwa.

Hapo ndipo ilipodhihiri hesabu niliyokuwa nikiibeba shingoni. Mkanda wa dukani una bei, na ukiisha kuilipa umeagana na mwuzaji kwa amani. Mkanda wa mkono hauna bei, una washirika. Nilipotoa fedha kwa fundi viatu aliinua mkono kuzikataa. "Fedha? Kwa ukanda tu, ndugu yangu? Utatupiga picha, yatosha." Mwalimu alisema hayo hayo, na kijana wa baiskeli, na bibi, na mama wa mawese. Wala hapana mtu katika nchi zetu asemaye "utatupiga picha" akikusudia nafsi yake peke yake. Filamu ina picha 36, husafiri kwa basi hadi Mbeya kusafishwa, na hurudi na ankara yake; ilhali ukoo wa Tata pekee, ukitoa watoto walioko masomoni, ulitosha kuimaliza na kudai nyingine.

Tukapatana kwa taabu kwamba ipigwe picha moja ya jamii nzima ya mkanda. Ugomvi ukazuka papo hapo, kwa kuwa kila mshirika alitaka fungu lake lionekane, na mkanda ndio kitu pekee Makwale ambacho kamera ile haikuweza kukipiga, maana iliuvaa. Tata akatoa hukumu: ufunguliwe. Wakaketi mbele ya nyumba yake, Tata ameshika ngozi upande wa manyoya, fundi amenyosha kidole juu ya mshono, mwalimu amekumbatia bizimu, bibi amemwonyesha jogoo wake asiye na kichwa, kijana ameinua bolti kati ya vidole viwili, mama ameweka chupa ya mawese mbele ya wote, na mbwa amefika bila kualikwa. Nami, ambaye kwa ajili ya usalama wa kamera yangu mambo haya yote yalitendeka, nikasimama ukingoni mwa mfereji wa mpunga uliojaa maji, nimeikamata kilo nzima ya chuma kwa mikono mitupu yenye mafuta.

Haikuanguka. Picha ikarudi kutoka Mbeya, ikapita mikononi mwa kila mmoja, na mashauri yakaanza upya, maana chupa ya mawese iliiziba bolti, na kijana akadai irudiwe. Bibi alitaka kwanza ashonee jogoo mwingine. Tata aliishika picha mbali na macho yake, kisha karibu, akatangaza kwamba mkanda ni mwema lakini kamera haina nguo. Inataka mfuko wa ngozi, na yuko ng'ombe anayemfikiria. Fundi viatu akauliza ni wa rangi gani. Mwalimu akasema bizimu anayo nyingine.