Sifa za Kilima Kifupi

Milima mirefu imesifiwa vya kutosha. Kilimanjaro umo kwenye chupa za bia na za maji, kwenye fulana na kwenye mabango ya kila wakala wa safari. Lushoto nayo ina wapenzi wake waaminifu, wale wanaorudi Dar es Salaam Jumapili usiku na kikapu cha mapeasi mkononi na mafua puani. Kilima cha Kisesa hakuna aliyekisemea. Nimeona nikisemee mimi, bila malipo.

Kwa asiyepajua, Kisesa ni mji mdogo wa wilaya ya Magu, kilomita kama 20 kutoka Mwanza mjini, kwenye barabara ya kwenda Musoma. Daladala ikishaiacha Igoma, vilima vinaanza kujitokeza: mawe juu ya mawe, mengine makubwa kama nyumba, na miti michache iliyopenya katikati yake kwa ubishi. Mtu wa Moshi akioneshwa vilima hivi husubiri kwa adabu aoneshwe mlima wenyewe. Ndugu yangu, ndio huo. Na wikendi yako ya kubadilisha hewa utaimalizia hapo hapo.

Tuanze na urefu, maana ndiko maadui wa kilima hiki wanakokimbilia. Maji ya Ziwa Victoria yako mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Mlima mrefu kuliko yote England, Scafell Pike, una mita 978. Kwa hiyo dagaa wa Mwanza anayezunguka karabai ya wavuvi usiku anaogelea juu kuliko Mwingereza aliyejikokota hadi kileleni kwake na kupiga picha. Hata dagaa huyo akizama mpaka sakafuni bado yuko juu, kwa kuwa kina kikubwa kabisa cha ziwa letu ni mita kama 80 tu. Mkazi wa Kisesa yuko juu zaidi ya dagaa, na hapo hata kitandani hajatoka. (Uskoti tuiache. Ina mlima wa mita 1,345 na hautusaidii katika hoja hii.)

Halafu kuna suala la umri, na hapa naomba wenzetu wa kaskazini wavue kofia. Granaiti ya Usukuma ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kilimanjaro, kwa hesabu za wanajiolojia, haujafikisha hata miaka milioni tatu. Ni volkano ya juzi. Ziwa Victoria lenyewe liliwahi kukauka, likarudi miaka kama 15,000 iliyopita, na mawe haya yaliliona likiondoka na yakaliona likirejea bila kusema neno. Kwa adabu tulizolelewa nazo, Kilimanjaro ndio unaopaswa kuja Kisesa, kupiga goti na kuamkia. Na uje mapema. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwa kileleni mwaka 1912 imekwisha kuyeyuka, wakati kilima chetu, tangu kiumbwe, hakijapoteza barafu hata tone.

Mgeni akiona jiwe limekalia jingine kwa ncha, jambo la kwanza ni kuuliza nani alilipandisha. Hakuna. Mwamba wote ulikuwa ardhini, ukapasuka mistari ya kwenda juu na ya kulala. Maji yakaingia kwenye nyufa na kuanza kuozesha pembe, kwa kuwa pembe hushambuliwa kutoka pande zaidi ya moja. Baadaye mvua zikachukua ule udongo uliolainika, yakabaki mabonge yaliyoviringika, kila moja pale pale lilipozaliwa. Jiwe la Bismarck kule mjini lilipata bahati ya kukaa ziwani, likapewa jina la Chansela wa Ujerumani na nafasi kwenye kalenda. Mawe ya Kisesa hayakupewa jina la kiongozi yeyote, na yamesimama vile vile.

Sasa kupanda. Kilimanjaro huchukua siku tano, sita, wengine tisa, ukiwa na wapagazi, mpishi, mwongozaji na kichwa kinachogonga kama kinu. Kilima cha Kisesa unaacha chai imefunikwa mezani, unapanda, unashuka, unaikuta bado ya vuguvugu. Hakuna geti wala risiti. Hatari yake kubwa ni maswali. Mtu wa mjini akiwa katikati ya kilima, amevaa viatu vya mlimani vilivyomgharimu mshahara wa nusu mwezi, hukutana na bibi anayeshuka na mzigo wa kuni kichwani, miguuni ndala.

“Mwangaluka, mwanangu. Umepoteza mbuzi?”

“Hapana, mayu. Napanda tu.”

“Unapanda tu?”

“Ndiyo, mayu.”

“Haya.”

Hiyo “haya” ina uzito kuliko cheti chochote kinachotolewa kwenye geti la hifadhi. Bibi keshateremka kilima kizima, na mpandaji bado anajieleza moyoni.

Nije kwenye kazi, kwa sababu sifa za milima mirefu kwa kawaida zinaishia kwenye kutazamwa. Kilima kifupi kinafanya kazi. Katika Usukuma, bapa la jiwe ni uwanja wa bure wa kuanikia: linapata joto tangu saa tatu asubuhi, halina tope, na kuku hawalipendi sana. Hapo ndipo muhogo unapoanikwa, na viazi vitamu vilivyokatwa vipande mpaka vikauke viwe michembe ya kungojea miezi ya njaa. Jaribu kuanika michembe mita 5,895 uone.

Jiwe likioza polepole, linatoa mchanga. Mchanga huo ndio luseni, udongo mwepesi wa miteremkoni, wa viazi, karanga na muhogo, ambao jembe linaupita bila kugombana. Udongo mzito hushuka zaidi, ukatulia bondeni ukawa mbuga nyeusi inayonata viatu na kuvunja ekseli. Mvua ikinyesha, kilima hakinywi. Mwamba unayatelezesha maji yote chini, wakulima wanayakinga kwa matuta ya majaruba, na mpunga unaota. Basi ule mlima ambao mtu wa Moshi hakuuona ndio uliomwagilia wali alioula mchana akasifu. Najua, Wachaga nao wana mifereji yao na migomba yao, na theluji inachangia. Lakini wao wamelazimika kuchimba mifereji. Kwetu kilima kinamwaga chenyewe, kwa uzembe wake wa kutoshika maji, na uzembe wenye manufaa namna hii sijui kama una mfano serikalini.

Wakazi wake pia si wa kudharau. Katika nyufa za mawe haya ya kanda ya ziwa huishi pimbi, mnyama wa kimo cha sungura ambaye ndugu zake wa karibu waliobaki duniani ni tembo na nguva. Tembo amekwenda Serengeti kupigwa picha na watalii. Pimbi amebaki nyumbani kuota jua. Juu ya jiwe la jirani kuna mjusi dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, anayepiga pushapu mbele ya majike kutwa nzima. Kwa sayansi huyu ni Agama mwanzae, yaani anabeba jina la Mwanza popote vitabu vinapofika, jambo ambalo timu zetu za mpira zimelijaribu kwa gharama kubwa zaidi.

Wapo wanaolalamikia usiku wa Kisesa. Wanasema walikuja kutafuta utulivu wa milimani, wakakuta muziki wa baa na malori yanayobadilisha gia kuelekea Sirari. Hawajaelewa walichopewa. Utulivu wa Lushoto humwacha mtu peke yake na mawazo yake tangu saa mbili usiku, na wengi wetu tumetoka mjini kuyakimbia hayo hayo. Kisesa inakukinga. Kabla hujafikia wazo la mkopo, lori limepita. Asubuhi kuna ndoo ya maji ya moto mlangoni na vumbi jekundu kwenye shati jeupe, ushahidi kwamba kweli ulisafiri.

Kama bado kuna anayeamini kwamba mambo makubwa yanahitaji vilele virefu, amkumbuke John Hanning Speke. Tarehe 3 Agosti 1858, akitokea Tabora ambako alimwacha Richard Burton mgonjwa, alipanda kilima cha kawaida tu hapa Mwanza, akayaona maji, akatangaza kuwa chanzo cha Nile ni hapa. Burton hakukubali, na ugomvi wao ukawachosha wasomi wa London kwa miaka. Wenyeji, ambao walikuwa wakivua samaki humo tangu mababu, waliendelea kuvua. Kilima kilichozua yote hayo hakikuhitaji kamba wala shoka la barafu.

Padri David Clement, Mkanada ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alilielewa jambo hili. Katika miaka ya 1950 alijenga pale Bujora, kwenye mawe ya jirani na Kisesa, kanisa la mviringo kama nyumba ya Kisukuma, na baadaye makumbusho yenye ngoma za watemi na historia ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo havijawahi kukubaliana nani zaidi. Mwezi Juni, kipindi cha sikukuu ya Ekaristi, huja Bulabo. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Watu wanahama, wanarudi, wanahama tena, mtu anatoka na kinyago, mwingine na chatu shingoni. Aliyewahi anasimama mbele. Aliyechelewa anatafuta jiwe, anapanda hatua kumi, anakaa, anaona pande zote mbili pamoja na nani anamkimbia nani. Kutoka kilele cha Kilimanjaro angeona mawingu.