Hongera kwa Darubini Mpya

Wanaomcheka mtalii aliyeuza darubini yake akanunua ya zaidi ya dola 2,000 hawajui mambo ya ndege. Ile ya zamani ilikuwa 8x42. Hii mpya, kwa heshima zote, nayo ni 8x42. Ila vioo vyake! Ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kichakani kwenye giza, utahesabu unyoya mmoja mmoja wa bundi wa Sokoke, ndege asiyefika sentimita 20.

Kumpata bundi mwenyewe ni kazi ndogo, anaachiwa kijana wa kijijini: kandambili miguuni, macho ya kuzaliwa nayo, hayana hata tabaka la kuzuia mng'ao. Anainama, anapenya miibani, anatoka na kunong'ona, "Pale, bosi, tawi la kushoto." Bosi anatazama kulia. Asilaumiwe, bado anazungusha gurudumu la kulengea.

Na ujira wa kijana? Jamani, tusiharibu matembezi. Bajeti imemalizwa na mkanda wa ngozi unaoiondolea shingo uchovu. Kijana hana shida hiyo. Shingoni kwake hakuna kitu.