Sifa za Bwana Robo

Kila mkubwa siku hizi ana chawa wake. Mbunge anao, msanii anao, hata bwana harusi wa Jumamosi moja hapati tabu ya kupata wa kumwimbia. Robo Mwaka peke yake hana, na kodi zetu anazifuata mara nne kwa mwaka bila kuchoka. Leo najitokeza. Mimi ni mama mwenye duka la rejareja hapa Nduguti, sina mwajiri wala bosi, na kuanzia sasa ni chawa wa Bwana Robo.

Nianze na uaminifu wake. Mjomba hutokea kwenye msiba, shemeji hutokea kwenye mavuno. Robo huja tarehe 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba, mvua inyeshe isinyeshe.

Na anajua kuchagua siku! Machi alizeti iko shambani, ghala tupu, na wateja wangu wote wananunua kwa neno moja: "Andika." Hapo ndipo anapopiga hodi. Mlafi angesubiri shibe, yeye si mlafi. Juni mavuno yanaingia, kila mtu anauza kwa wakati mmoja, bei imelala chali, naye kafika. Septemba vijisenti vimepatikana, watu wanaezeka bati na kuozesha, na yeye kakaa jamvini kabla ya mshenga. Desemba tunatafuta mbegu huku sare za Januari zikitukodolea macho. Familia ikijumuika mwisho wa mwaka, atakosaje?

Ukoo wake ni wa zamani. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Baadaye tukaijua kodi ya kichwa, kisha kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003. Lakini wazee hao walikuwa washamba. Walikuja kwa miguu, na aliyeona vumbi lao njiani alipata nafasi ya kuingia porini. Robo anakuja ndani ya simu. Ukikimbilia porini umekwenda naye mfukoni. Bahati nzuri porini mtandao haukamati, ndiyo heshima pekee tuliyobakiziwa.

Elimu aliyonipa sikuipata shuleni. Zamani namba niliyoijua kwa kichwa ilikuwa ya simu ya mume wangu. Sasa nina TIN na namba ya malipo. Nywila ya kuingilia mtandao wa kodi nayo niliipatia steshenari.

"Shikamoo mama. Paswedi tuweke nini?"

"Marahaba mwanangu. Weka jina la mbuzi wangu."

"Halitoshi, mama. Inataka herufi kubwa, tarakimu na alama."

Basi mbuzi wangu sasa ana tarakimu mbili na alama ya mshangao, na akiitwa kwa jina lake kamili haitiki. Siku hiyo tulisubiri namba ya malipo mpaka tukatoka nje, tukasimama chini ya mti, simu juu kama watu wanaoapishwa. Dukani kwangu palikuwa na kufuli. Mauzo yalipungua, kodi haikupungua. Huo ndio utamu wa makadirio: hayakutozi wewe uliyefunga duka, yanamtoza yule mfanyabiashara hodari uliyetarajiwa kuwa tangu mwanzo wa mwaka.

Hapa naomba radhi, maana chawa mzuri hasemi kweli, na mimi kweli imenibana. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 4 halipi kodi ya mapato. Kati ya milioni 4 na milioni 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Nikachukua peni. Mauzo ya milioni 5: mwenye daftari 30,000, asiye nalo 100,000. Miaka yote nilijisifu kwamba hesabu zangu ziko kichwani. Kumbe kichwa changu kilikuwa kinanitoza 70,000 kwa mwaka, na risiti hakitoi.

Uingereza nako wamemkaribisha Robo. Tangu tarehe 6 Aprili 2026, aliyejiajiri mwenye mapato ghafi yanayozidi pauni 50,000 kwa mwaka anatakiwa kutunza hesabu zake kidijitali na kupeleka taarifa kila robo. Wao wanampa hesabu. Mimi nilikuwa nampa pesa, hesabu namwachia akisie mwenyewe, halafu nalalamika kwamba anakisia vibaya.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Robo kaja mara ya tatu, kaja ya nne, miaka inapita na jembe hashiki. Badala yake kanishikisha mimi: kaunta buku linalolala chini ya mizani, peni imefungwa kwa uzi wa gunia. Jana nimeandika sukari, taslimu. Sabuni, deni. Mafuta ya kupima, taslimu. Jumla ya mauzo, 14,300.

Karibu tena, bwana mkubwa. Safari hii makadirio nitakusomea mimi.