Sifa za Waranti

Nzi amewahi kusifiwa. Lucian wa Samosata, mwandishi wa karne ya 2, alimwandikia sifa tamu hata ukimaliza kusoma unaona haya kumpiga kwa gazeti. Mwaka 1511 Erasmus naye akachapisha kitabu kizima cha kuusifu upumbavu. Basi nzi ana msemaji wake, na upumbavu una wakili. Mimi, mkazi wa Waithaka, mwenye pikipiki moja ya stima na karatasi moja yenye muhuri, naomba nafasi nimsemee mnyonge aliyebaki: waranti.

Nianze na jina, maana muungwana hujulikana kwa jina. Sisi Wakenya twasema waranti. Vitabu husema dhamana. Nenda ukae mahakamani Kibera asubuhi moja uyaone maneno hayo mawili yakiwa kazini. Waranti ndiyo inayotolewa ukamatwe. Dhamana ndiyo unayolipa uachiliwe. Waliotunga lugha hii waliona mbali. Karatasi niliyotia sahihi nilipoinunua pikipiki ilitimiza jina la kwanza siku hiyo hiyo, na jina la pili nililingoja kwa miaka miwili.

Ukoo wake si wa kubeza. Babu ni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, tuliyoachiwa na mkoloni, isemayo kwamba kitu kilichouzwa kwa kazi fulani sharti kiifae kazi hiyo. Baba ni Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora. Mama ni Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, inayomhesabu muuzaji kuwa amedhamini ubora wa alichouza hata kama hakufungua mdomo. Ukiutazama ukoo huo utadhani mnunuzi hana haja ya karatasi nyingine duniani. Hapo ndipo utakapoutambua ukubwa wa waranti. Wazazi waligawa kila kitu bure. Mtoto akaja na kurasa nne, maandishi madogo kama mayai ya chawa, kueleza ni kipi hasa hakimo.

Yangu ilizaliwa Oktoba 2023. Msomaji aliyekuwa na tangi wakati huo hatausahau mwezi ule: petroli Nairobi ilifika shilingi 217.36 kwa lita. Stejini kwetu vijana walikuwa wanazima injini wakishuka mteremko na kuomba Mungu barabara yote ya kwenda mjini iwe mteremko. Kwa upande wa pili serikali, tangu Aprili mwaka huo, ilikuwa imetangaza bei maalumu ya stima kwa vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa ambazo watu wamelala. Mita ya ploti ninayopanga haikupata habari hizo, lakini mimi nilizipata. Nikaenda dukani. Kijana wa fulana ya kijani akanizungusha mara mbili kama bwana harusi. "Mzee, hii haina plagi, haina oili, haina kelele. Na iko na waranti ya miaka miwili." Nikalipa kianzio, salio nikakubali kulipa mdogo mdogo kila siku kwa simu, nikapanda hadi Waithaka kimya kimya, mbwa wa Riruta wakinitazama bila kujua wabweke au wanyamaze.

Miezi ishirini nilikula raha. Kisha, Julai 2025, asubuhi ya baridi ile inayoingia hadi kwenye mifupa ya meno, pikipiki ilizimika Dagoretti Corner. Kwenye dashibodi ikatokea herufi E na nambari. Jirani yangu wa stejini, mwenye nduthi ya petroli niliyoicheka kwa karibu miaka miwili, alisimama, akaweka mguu wake kwenye pedali yangu ya nyuma, akanisukuma hivyo hivyo kupitia Riruta hadi nyumbani. Hakusema neno. Moshi wake ulisema kwa niaba yake.

Hapo waranti ikaanza kunilea.

Kwanza ilinifunza heshima. Nilipiga simu, nikabonyeza 2 kwa Kiswahili, nikapewa wimbo. Wimbo ulipoisha mara ya nne alikuja dada mwenye sauti ya asali. "Pole sana kwa usumbufu, mpendwa mteja. Umejaribu kuizima na kuiwasha?" Nikamwambia, dada, kuzimika ilizimika yenyewe, kuwaka ndiko kumetushinda sote wawili. Akanipa nambari ya tikiti yenye tarakimu tisa. Kitambulisho changu cha taifa kina nane. Tangu siku hiyo nimejua nani mkubwa kati ya mimi na tatizo langu.

Pili ilinifunza hesabu. Niliahidiwa jibu ndani ya saa 48 za kazi. Siku ya tatu nikapiga kulalamika, nikaelezwa kwa upole kwamba ofisi hufanya kazi saa nane kwa siku. Arobaini na nane gawanya kwa nane: siku sita. Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Mwanangu wa darasa la tano alikuwa anashindwa na kugawanya. Sasa amekaa sawa.

Tatu ilinifunza sanaa. Niliagizwa nitume picha ya nambari ya fremu, picha ya sili ya kiwanda ikiwa haijaguswa, na video yenye sauti ya hitilafu. Pikipiki ya stima iliyokufa haina sauti. Hata iliyo hai haina. Lakini amri ni amri: nikasimama uani, nikaielekezea simu, nikarekodi dakika moja ya kimya, kama bungeni wanavyofanya mwenzao akiaga dunia. Mama watoto alipita na karai la nguo, akasimama, akainamisha kichwa.

Nne ilinifunza jiografia. Nilijibiwa kwamba kilichokufa ni kontrola, ule ubongo unaopima moto wa betri kwenda kwenye mota, na kwamba kontrola mpya inatoka China ila imechelewa kwa sababu meli zinashambuliwa Bahari ya Shamu. Nikaazima atlasi ya mwanangu. Meli ikitoka Shenzhen hushuka hadi mlango-bahari wa Malaka, ikaivuka Bahari ya Hindi, ikatia nanga Kilindini. Bahari ya Shamu iko mbali huko kaskazini, njia ya Suez na Ulaya. Kontrola yangu, ikiwa kweli ilipita huko, ilikuwa imeamua kutembea kwanza.

Tano ilinifunza kujichunguza nafsi. Walinitumia fomu: je, chombo hiki kimewahi kuingia maji? Kwa maana waranti, katika ukurasa wa tatu, haihusiki na maji. Nikajikumbusha Aprili 2024, mito ilipovunja kingo, watu wakapoteza nyumba na wapendwa huko Mathare na kwingineko, na sisi wa upande huu tukawa tunavuka tope jekundu la Waithaka suruali zikiwa mabegani. Nikajaza: "Kimewahi kuishi Nairobi."

Sita, nami naona hii ndiyo karama yake kuu, ilinifunza siri ya macho. Pikipiki yangu ina kifaa kinachowaonyesha iko wapi usiku na mchana. Nilipoomba waje waichukue, sauti ya asali iliniuliza: "Waithaka ndiyo upande gani, baba? Karibu na Kitengela?" Nikaeleza: ni Dagoretti Kusini, ukishapita Riruta. Akasema hakuna gari la upande huo. Wiki hiyo hiyo, kwa kuwa pikipiki isiyotembea haiingizi pesa, nilichelewa na malipo ya siku moja. Saa kumi na mbili asubuhi ujumbe ukaingia kwenye simu, ukitaja mtaa, kona na saa, ukinijulisha kwamba chombo kimefungwa kutoka ofisini hadi nitakapolipa. Wakafunga maiti. Mtu asije akasema hawaioni pikipiki yangu. Wanaiona vizuri, ila huiona kwa jicho la deni. Jicho la ubovu lina mtoto wa jicho.

Kuna wasiojua kustahi, watakaosema afadhali mahakama. Nami nililifikiria. Tangu Aprili 2021 kuna Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria yake inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Siku sitini! Hiyo ni pupa. Jambo zito kama kontrola halipikwi kama ugali wa mgeni wa ghafla. Waranti yangu ilijipa zaidi ya siku tisini na haikutokwa jasho.

Wala tusiilinganishe na hali ya zamani. Serikali ilipoondoa ushuru wa pikipiki ndogo mwaka 2008 na boda boda zikatujaa, hatukujua waranti ni nini. Nduthi ikizimika, fundi yeyote chini ya mti aliifungua, akapuliza kabureta kwa mdomo, na spea ikikosekana kijana alitumwa Kirinyaga Road, ile ambayo wazee hadi leo huiita Grogan, akarudi nayo kabla ya chai ya saa kumi. Ushenzi gani huo, mtu kurudi barabarani siku hiyo hiyo bila hata kujua nambari ya fremu yake? Siku hizi tuna sili. Fundi akigusa sili, waranti imekufa. Hivyo kila asubuhi yule kijana wa chini ya mgrevilia, karibu na kwetu, alikuwa akiitazama pikipiki yangu kama paka anavyotazama nyama ya harusi, nami nikimwambia, "Usiguse, iko na waranti," kwa fahari ya baba mwenye binti aliyeposwa na mtu wa ng'ambo.

Sitasahau udugu iliouleta. Mwishowe nilikodi pikapu kwa pesa zangu, nikaipeleka Eneo la Viwanda. Kwenye benchi la kungojea nilikuta jamaa wa Githurai, wa Kayole, wa Kitengela, na mama mmoja wa Rongai anayepeleka mayai. Wiki ya tatu tulikuwa tunajua majina ya watoto wetu. Wiki ya tano tuliunda chama: kila Ijumaa mtu anatoa mia mbili, wa zamu anunue chaja au tairi, maana vifaa vinavyochakaa havimo. Wa Kayole mota yake ilikufa lakini kontrola nzima. Wa Githurai kontrola ilikufa, mota nzima. Wakakopeshana, wakawa wanatembea kwa zamu, huyu asubuhi, huyu jioni. Kampuni ilipogundua ikawaandikia barua kuhusu sili. Hakuna mchungaji wala chifu aliyewahi kutuunganisha watu wa pande zote nne za Nairobi namna hiyo.

Kontrola ilifika Oktoba 2025. Ilifungwa siku hiyo hiyo, bure kabisa, nami namshukuru aliyeifunga. Wakati wa kutia sahihi nikauliza kwa unyenyekevu: hii mpya nayo ina miaka miwili? Akanionyesha ukurasa wa nne. Kifaa kipya hurithi muda uliobaki wa kile cha zamani. Tukahesabu kwa vidole. Ilikuwa imebaki siku tatu. Nilipanda hadi nyumbani nikiendesha polepole kama aliyempakia mgonjwa, na kwa siku tatu hizo nilikuwa mtu aliyelindwa. Nililala vizuri. Siku ya nne waranti ikafariki dunia, na siku ya saba, mbele ya lango langu, pikipiki ikazimika. Herufi ile ile. Nambari ile ile.

Kijana wa chini ya mgrevilia alikuja mwenyewe, bila kuitwa. Akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Akachukua bisibisi, sili ikalia *tak*, sauti ndogo sana kwa kitu nilichokiogopa miaka miwili. Alifuata waya kwa kidole hadi kwenye soketi iliyo chini ya kiti, akaifungua, akanionyesha tope jekundu lililokauka ndani, pamoja na kutu ya kijani. Akaomba shilingi hamsini. Akarudi na petroli kwenye chupa ya soda, akaisugua soketi kwa mswaki mzee, akaipuliza kwa mdomo, akaiacha ikauke juani, akaifunga kwa kipande cha mpira wa tyubu. Taa zikawaka. Pikipiki ya stima, niliyoinunua kuikimbia petroli, ilifufuliwa kwa petroli ya hamsini.

Akadai mia tatu. Nilipokuwa namtumia kwa M-Pesa nilimuuliza, kwa mazoea tu, "Na ikiharibika tena?"

Akashangaa. "Si niko hapa?"

Akaonyesha mti, kana kwamba ndiyo jibu lote. Nami nilimwonea huruma. Kijana mwema, mikono ya dhahabu, na maskini wa Mungu hana hata nambari moja ya tikiti.